Ijumaa za Kiganja Chekundu

Juzi kwenye kikao cha bodi ya shule, hapa Kibondo, kijana mmoja aliyevaa suti ya kubana alitundika kitambaa cheupe ukutani akatuonesha mtambo anaouza. Alisema mtambo huo ukishaunganishwa na kompyuta za shule, mwanafunzi akijaribu kufungua ukurasa usiofaa, ukurasa unagoma na jina lake linaruka moja kwa moja hadi kwenye simu ya mkuu wa shule. Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mwenyekiti wetu, mzee mwenye duka la vipuri vya pikipiki linalotazamana na duka langu la dawa, akaniinamia akanong'ona, "Mama, safari hii watoto wamepatikana." Alisema kwa furaha, na hapo ndipo damu iliponichemka. Nikamuuliza yule kijana swali moja: mtoto akifungiwa ukurasa aliokuwa na haki ya kuufungua, anamwambia nani? Akacheka kidogo, cheko la mtu anayemjibu bibi yake, akasema, "Mama yangu, mtambo haukosei." Nikaomba uamuzi usubiri kikao kijacho. Nilipofika nyumbani mume wangu alinisikia nikibamiza sufuria, akauliza nani kafariki. Nikamwambia hajafariki mtu, ila nahitaji meza ya chakula kwa siku kadhaa, nina jambo la kuandika.

Basi naliandika. Habari za nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa nani hazina kazi hapa. Nataka kusema mwaka mmoja tu, ule niliosoma Kidato cha Tano katika shule ya wasichana iliyokuwa juu ya kilima, nje kidogo ya mji wa Kasulu. Jina la shule silitaji. Mimi sitafuti kesi, natafuta kusikilizwa. Watu wa huko chini ziwani wakisikia Kigoma wanafikiria joto na samaki aina ya migebuka. Sisi kule juu tulikuwa tunaamka na ukungu mlangoni, tunavaa sweta za kijani mpaka saa nne, na udongo mwekundu ulikuwa unaganda kwenye viatu vyetu mpaka tukawa warefu kuliko tulivyoumbwa. Tulikula ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, siku zote isipokuwa Jumapili, ambapo tulikula ugali wa muhogo na dagaa. Sikumbuki kama tuliwahi kulalamika. Tulikuwa na jambo kubwa la kutusahaulisha chakula, nalo lilikuwa dishi jeupe juu ya paa la lililokuwa ghala la mahindi.

Wafadhili walikuwa wametuletea intaneti. Simu za kupangusa zilikuwa bado hazijafika kwetu, na mjini Kasulu ukitaka kuingia mtandaoni ulipanga foleni kwenye chumba kimoja kilichokuwa kinazima umeme wakati wowote kinapojisikia. Sisi wasichana wa kilimani tukawa na chumba chetu wenyewe. Ghala lilipakwa chokaa na kuwekwa kompyuta, lakini harufu ya mahindi haikutoka, na mara moja moja fukusi alikuwa anachomoza katikati ya vitufe vya kuandikia akatazama huku na huku kama mgeni aliyepotea njia. Mwalimu wa kompyuta, Mwalimu Twaha, kijana wa ukoo wa wenye maduka pale mjini ambao babu yao alitokea Tanga, alikuwa na sheria moja tu: viatu vinabaki nje. Tukawa tunaingia na soksi, kimya, watatu kwa kompyuta moja, mmoja akiandika jina lake na wawili wakimwelekeza kwa viwiko. Muhula mzima wa kwanza hapakuwa na kufuli ya aina yoyote mtandaoni. Mwalimu Twaha alituambia siku ya kwanza, "Humu ndani kuna kila kitu, kizuri na cha ovyo. Ukikutana na cha ovyo, funga, uendelee na safari yako." Tulifanya hivyo. Nawaambia wale wasioamini: tulifanya hivyo kweli, kwa sababu tulikuwa na mambo ya maana ya kutafuta na muda ulikuwa haututoshi.

Mwenye jambo la maana kuliko sisi sote alikuwa Speransia, rafiki yangu wa kitanda cha juu. Alikuwa msichana wa maneno machache, mrefu, mwenye kicheko cha kushtukiza ambacho kilikuwa kinamtoka pale tu ulipokwisha kukata tamaa ya kumchekesha. Shuleni alijulikana kama binti wa mzee mmoja mkulima wa Kagerankanda. Siku moja tukichambua maharage jikoni, zamu yetu ikiwa imebaki sisi wawili, aliniambia ukweli ambao hakuwahi kumwambia mtu. Alizaliwa ng'ambo, Burundi. Vita ilipozuka alivushwa na kaka yake, yeye akiwa mdogo wa kubebwa mgongoni na kaka mwenyewe akiwa bado hajaota ndevu. Walitokezea Nyabibuye, upande wetu wa mpaka, mahali ambapo mama mmoja Muha alikuwa anaanika muhogo juu ya jiwe. Yule kaka akamshusha mtoto, akamkabidhi yule mama, akamwambia, "Nishikie, narudi." Akageuka kwenda kumtafuta mama yao aliyebaki nyuma. Hakurudi. Mama wa muhogo na mumewe walisubiri, wakauliza, wakasubiri tena. Walipohamia Kagerankanda kutafuta shamba walimchukua mtoto, wakamsomesha, na kwenye karatasi zote wakamwandika mtoto wao wa kumzaa. "Nikisema, wataniita mkimbizi," Speransia aliniambia. "Wataniuliza karatasi. Na mama yangu watamuuliza kwa nini alidanganya. Kwa hiyo hujasikia kitu, Daforoza." Nikamwambia sijasikia kitu.

Lakini kwenye mtandao tuligundua ukurasa wa kuwatafutia watu ndugu zao waliopoteana vitani. Picha za watu, jina, mahali walipoachana, na maneno machache. Ulikuwa na kisanduku cha kuandika jina la kwanza na kingine cha jina la ukoo, na hapo ndipo tulipopoteza muhula mzima. Mama wa Kagerankanda alikumbuka kwamba mtoto alikuwa anamwita kaka yake Melki, na kwamba baba yao aliitwa Ntirampeba. Mimi, kwa ujuzi wangu wote, nikaandika Melki Ntirampeba. Kwetu mtoto anabeba jina la baba yake, ningeandikaje vingine? Hakuna aliyetokea. Tukajaribu tena wiki iliyofuata, na iliyofuata, tukimwomba mwenzetu wa tatu kwenye kompyuta atuachie dakika chache, naye akituachia bila kuuliza. Speransia alikuwa akiinuka pale na uso wa mtu aliyetoka kuambiwa kwa mara nyingine kwamba nyumba haina mtu.

Likizo fupi ya katikati ya mwaka nilimchukua tukaenda kwa shangazi yangu, ambaye alikuwa anapeleka maharage kwenye soko la kambi ya Nyarugusu. Pale sokoni Kiswahili kilikuwa cha kila namna: cha Wakongo chenye Kifaransa ndani yake, cha Warundi kinachofanana na Kiha chetu mpaka unajiona uko nyumbani. Mama mmoja alikuwa amekaa karibu na gunia letu akiwaita wanawe waje kula mahindi ya kuchoma. Akaita Ndayishimiye, akaja wa kwanza. Akaita Nibigira, akaja wa pili. Akaita Hakizimana, akaja kadogo, kanavuta kaptula. Mimi sina adabu ya kunyamaza nikiwa na swali, nikamuuliza, "Mama, hawa wote ni wako? Mbona kila mmoja na jina la baba tofauti?" Nusura anirushie gunzi. "Eh! Weye mutoto, unanitukana? Baba yao iko moja!" Kisha alipoona kwamba nimeuliza kwa ujinga tu, akacheka mpaka akajifuta macho. "Kwetu kila mutoto iko na jina yake. Ile alipewa siku alizaliwa. Jina ya baba ni ya baba, atakufa nayo." Nilimtazama Speransia. Alikuwa amesimama na kikombe cha maharage mkononi, na maharage yalikuwa yanamwagika taratibu chini. Muhula mzima tulikuwa tumemtafuta mtu asiyekuwepo duniani. Melki alikuwa na jina lake mwenyewe, na sisi tulikuwa hatulijui. Ilibidi tuache visanduku vya majina, tutazame picha moja moja za watu wote waliopoteana na ndugu upande ule wa mpaka, na tusome maneno yao. Shangazi alitushangaa tulivyokuwa tunaimba njiani kurudi. Tulikuwa na hakika kwamba kaka yupo.

Tulirudi shuleni tukakuta Chekeche. Hilo ni jina tulilolipa sisi, kwa sababu kila nyumba ya kwetu ina chekeche la unga wa muhogo na kila mtu anajua makapi yanatupiwa kuku. Kilikuwa kisanduku cheusi kilichofungwa ukutani juu ya meza ya Mwalimu Twaha, kina taa ya kijani inayopepesa. Ukifungua ukurasa ambao Chekeche haliutaki, kioo kizima kilikuwa kinageuka cheupe na katikati kinatokea kiganja chekundu, wazi, kama cha askari wa barabarani. Jina lako lilikuwa linabaki ndani ya kisanduku. Ijumaa asubuhi, tukiwa tumesimama mstarini, mkuu wa shule, Madamu Kokushubira, alikuwa anasoma majina ya waliokutana na kiganja wiki ile. Alikuwa hasemi umefungua nini. Alikuwa anasoma jina, ananyamaza kidogo, anasoma lingine. Shule nzima ilikuwa inajijazia yenyewe hayo mengine.

Ukurasa wa ndugu waliopoteana ulifungwa siku ya kwanza kabisa. Mwalimu Twaha alituambia baadaye kwamba mtambo uliuweka kapu moja na kurasa za watu wanaotafuta wachumba: picha za wanaume na wanawake, majina, na kitufe cha kuandika ujumbe. Speransia alijaribu akaona kiganja. Akadhani amekosea, akajaribu tena. Siku iliyofuata akajaribu tena. Mimi nilimwambia, tumwombe Mwalimu Twaha afungue, naye akaniuliza atamwambia sababu gani, na mimi sikuwa na jibu ambalo halikuwa siri yake. Ijumaa ile nakumbuka baridi ilikuwa kali, ukungu uko chini yetu bondeni. Madamu alikuwa amefika katikati ya kusoma, ametamka "Speransia", msafara wa mabasi ukaanza kupanda barabarani nyuma ya mgongo wetu, na humo ndani watu walikuwa wanaimba. Madamu aliweka kidole kwenye karatasi akasubiri kelele zipite. Wengine tukataka kugeuka kutazama. "Macho mbele!" akasema. Mabasi yalipokwisha akaanza upya, "Speransia," na wiki ile ndiye peke yake aliyeongezewa maneno: "Huyu amegonga mara nyingi kuliko wote. Anatafuta wanaume mtandaoni. Bodi itakaa kumjadili." Nyuma yangu mtu akaguna. Speransia hakulia. Alitazama mbele kama alivyoambiwa.

Nitakuwa mwenye haki kwa Madamu, ingawa sijisikii. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, mnene, msafi, mwenye kutembea taratibu, na hakuwa mtu mbaya. Siku ile ile mchana nilikuwa nafagia veranda ya ofisi yake, dirisha likiwa wazi, nikamsikia akimwambia makamu wake habari ya binti wa shule nyingine aliyefuata mwanaume aliyezoeana naye kwa maandishi tu, akapatikana mji wa mbali, mjamzito, ameachwa kwenye nyumba ya kulala wageni. "Baba yake alikuja shuleni na panga," Madamu alisema. "Hakwenda kuitafuta kompyuta. Alimtafuta mkuu wa shule." Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Kwa hiyo najua kwamba hofu yake ilikuwa ya kweli. Nilisimama pale na ufagio nikamwonea huruma, kisha hasira ikanirudia kubwa kuliko mwanzo, kwa sababu mtu anayewaogopea watoto wa watu angeanza kwa kuongea nao, na yeye tangu dishi lipandishwe alikuwa hajawahi kuingia kwenye chumba kile.

Njia ya mkato ilikuwepo. Mwalimu Twaha alikuwa na neno la siri la kulilaza Chekeche, na alikuwa anaandika kwa kidole kimoja huku midomo inamcheza, mpaka nusu ya darasa tulikuwa tunalijua. Wenzangu walisema tulitumie, Speransia atazame picha zake, yaishe. Nilikataa, na nikagombana nao bwenini mpaka sauti ikanikauka. Niliwaambia tukiingia kwa kuiba tutakuwa tumekubali kwamba sisi ni wezi, na siku wakigundua watasema, mnaona? Nikawaambia tuingie kwa mlango wa mbele, mchana, kwa majina yetu. Nikawaomba kila mmoja wetu, kipindi chake kikifika, aandike jina lake kamili na afungue ukurasa ule ule aliofungua Speransia. Sikuwaambia kwa nini anautaka. Nilisema tu kwamba namfahamu, na si mambo ya wanaume. Wapo waliokataa, na kiranja mmoja alisema wazi kwamba baba yake atamuua. Sikuwalaumu. Lakini wiki ile, kipindi baada ya kipindi, nilikaa kwenye benchi la ghala nikiwa na soksi zangu na kuona kiganja chekundu kikiwaka kompyuta hii, kikiwaka ile, na wasichana wakikitazama bila kupepesa. Mwalimu Twaha alipita nyuma yetu. Aliona kila kitu. Akaenda dirishani akaanza kufuta vumbi ambalo halikuwepo.

Ijumaa Madamu alifungua karatasi akaanza kusoma. Alisoma, akasoma, akageuza upande wa pili. Wadogo wa Kidato cha Tatu wakaanza kucheka chini chini. Alipofika kwenye jina la msichana anayeongoza kwaya ya kanisani, ambaye hata kuku wa shule walijua ni mcha Mungu, Madamu aliinua macho. "Nini hiki?" akauliza. Nikajisikia mdomo unafunguka wenyewe. "Madamu, hata sisi tuliobaki hujatusoma. Endelea tu." Sauti ilitoka nzima. Akaikunja karatasi. "Wewe," akaninyooshea kidole, "na Speransia. Ofisini. Mwalimu Twaha, na wewe njoo."

Ofisi ilikuwa na harufu ya chai ya tangawizi na kapeti lililolowa. Hakutukalisha. "Mnataka nini?" akauliza. Nilimwambia tunataka kuaminiwa. Akasema, "Nikuamini wewe, unayenipandishia sauti mstarini? Nitajuaje kwamba ninyi si kama yule binti aliyepotea?" Nikamwambia, "Utuulize, Madamu." Akanitazama kana kwamba nimemwambia neno la Kichina. "Unaona majina," niliendelea, maana nilikuwa nimeshalikoroga, "hujui tunachotafuta. Ungetuita mmoja mmoja ukatuuliza, tungekuambia." Kisha Madamu, nadhani kwa kunikomesha, akamgeukia mwenzangu. "Haya. Nakuuliza. Speransia, ulikuwa unatafuta nini?"

Nilitaka kumwambia asijibu. Yale maneno yangekuwa mwisho wa karatasi zake, na huenda mwisho wa shule. Speransia alivuta pumzi akasema, "Namtafuta kaka yangu." Madamu akasema kaka yake anamfahamu, ndiye alimleta na sanduku muhula ulipofunguliwa. "Huyo ni wa Kagerankanda," Speransia akajibu. "Namtafuta wa kuzaliwa naye." Akaeleza yote: mpaka, muhogo, jiwe, na yale maneno ya mwisho. Hakumwomba Madamu asimseme. Alimaliza akasimama wima mikono nyuma, kama aliyekwisha kukabidhi mzigo. Mwalimu Twaha alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Madamu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema bila kumtazama mtu, "Mwalimu, lifungue. Kwa huyu tu." Kichwa changu kibovu kikataka kupinga, nikasema, "Na wengine je, Madamu?" Speransia akanishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma. "Dafo, nyamaza," akasema. "Mimi namtaka kaka yangu." Nikanyamaza. Katika mwaka ule wote ndiyo mara pekee niliyofurahi kunyamazishwa.

Tukaenda ghalani wote wanne. Madamu alisita mlangoni, akatazama soksi zetu, akavua viatu vyake vyeusi vya visigino akaviweka sambamba na vyetu. Alisimama nyuma ya kiti cha Speransia amefumbata mikono. Picha zikaanza kupita. Wanaume wenye kofia, wanaume wenye watoto magotini, mama mmoja asiye na jino, na kila mmoja na mistari yake michache ya kumlilia mtu. Baada ya muda Madamu alivuta benchi akakaa. Baadaye alikuwa anasoma kwa sauti ndogo pamoja nasi, na mara mbili alisema, "Ngoja, huyo usimpite." Kengele ya chakula ililia hatukuinuka. Kisha ikaja picha ya mwanaume mwembamba mwenye uso mrefu, jina lake Nduwimana Melkioni, na maneno yake yalikuwa haya: alimwacha mdogo wake Speransia pale Nyabibuye, kwa mama aliyekuwa anaanika muhogo juu ya jiwe, alimwambia, nishikie, narudi, alirudi hakuwakuta. Mahali alipo: kambi ya Nyarugusu. Speransia aligusa kioo kwa vidole vyote. Madamu Kokushubira, ambaye tulikuwa tunasema ametengenezwa kwa saruji, alilia kwa sauti mbele ya wanafunzi na mwalimu wake.

Kesho yake, Jumamosi, aliagiza gari la shule litupeleke na Mwalimu Twaha. Nyarugusu! Tulikuwa tumesimama pale pale tukiuza maharage. Tulielekezwa nyumba, tukaikuta na mlango uliofungwa kwa waya. Jirani, mzee wa Kikongo, alitoka akatutazama sweta zetu. "Melki? Ashakwenda. Walibebwa na mabus, kwa ndege, kule kwa barafu. Haina hata wiki mbili." Alimpigia makofi ya pole Speransia kama tunavyompigia mtu mfiwa. Mabasi yalikuwa yamepita wakati sisi tunagonga kiganja. Muhula wa kwanza ulikuwa ujinga wetu, nakubali, lakini tulikuwa tumeshaumaliza ujinga ule. Wiki ile ya mwisho kabla ya mabasi ilikuwa ya Chekeche. Ingetosha kabisa.

Ujumbe tulioacha ulimfikia miezi kadhaa baadaye, akajibu, wakawa ndugu wa kuandikiana, kisha ndugu wa simu. Madamu hakumsema Speransia popote, hadi alipostaafu, hilo namshukuru. Aliacha kusoma majina Ijumaa. Kisanduku hakukiondoa, lakini kila mwenye kukutana na kiganja alikuwa anakwenda kukaa naye ofisini, anaulizwa, na mara nyingi ukurasa ulikuwa unafunguliwa. Mimi niliadhibiwa kung'oa visiki vya mikaratusi kwa kumkatiza mstarini. Niling'oa, na ningemkatiza tena hata kesho.

Mwaka huu, baada ya karatasi, magonjwa, korona na mambo mengine ya dunia kumchelewesha, Melkioni alikuja. Mvi zimemjaa, amevaa jaketi zito hata juani. Speransia, ambaye sasa ni bwana shamba wa kike kama anavyojiita, alinipigia niende Kagerankanda. Mama wa muhogo amezeeka, hatoki kwenye mkeka. Melkioni alichuchumaa mbele yake, akapiga makofi ya salamu. "Mwakeye, mama." Akaitikiwa. Kisha akasema, "Nimerudi." Bibi alimtazama sana, akampapasa mashavu. "Umechelewa, mwana wanje," akasema kwa Kiha, yaani mwanangu. "Ila nilikushikia." Hapo hatukuonana tena kwa machozi.

Tulikula, ugali ule ule, maharage yale yale. Baada ya kunawa Melkioni akaanza kusimulia siku aliyoondoka kambini. Alisema mabasi yao yalipita Kasulu asubuhi na ukungu, watu wanaimba nyimbo za kuaga, naye amekaa dirishani. "Kulikuwa na shule moja kilimani," akasema. "Wasichana wengi, sweta za kijani, wamesimama mstari. Tuliwapungia mikono wote. Hakuna hata mmoja aligeuka." Alikuwa anacheka kidogo. Speransia aliweka chini kikombe. "Nilikuwa pale," akasema. "Jina langu ndilo lilikuwa linasomwa."

Kikao cha bodi ni Ijumaa ijayo. Yule kijana wa suti atakuwepo na kitambaa chake. Nimempigia mwenyekiti kumwambia kwamba nitahitaji kuzungumza kabla hawajapitisha lolote, na kwamba nakuja na wageni wawili, kaka na dada. Akaniuliza kwa upole kama tutachukua muda mrefu. Nimemwambia ndiyo.